Chardonnay ya siagi haizeeki vizuri kwa bahati

Ukitaka ubishi uanze mezani kwa watu wanaojua mvinyo, taja Chardonnay yenye harufu ya siagi. Wapo watakaokunja uso kabla hujamaliza kusema. Watakuambia ni mvinyo mzito, umejaa mbao na vanila, mvinyo wa mtu ambaye bado hajajifunza kuonja. Wapo pia wanaoupenda bila kificho, na hao ndio wengi, maana ndio wanaoununua mwaka hadi mwaka. Mimi nasimama na hawa wa pili, ila nina sharti, na sharti langu huonekana vizuri chupa ikishakaa muda mrefu: siagi haijitoshelezi. Chini yake lazima kuwe na uchachu wa kuibeba. Chupa changa inaweza kuficha upungufu huo. Chupa ya miaka kumi na mitano haiwezi.

Tuanze na siagi yenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani ni mbwembwe za waonjaji. Hakuna anayetia siagi kwenye pipa, wala zabibu ya Chardonnay ikiwa mtini haina hata chembe ya harufu hiyo. Ni zabibu pole, isiyo na harufu kali ya kwake. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, wakishirikiana na wenzao wa Montpellier nchini Ufaransa, walipima vinasaba wakabaini wazazi wake. Upande mmoja ni ukoo wa Pinot, zabibu ya heshima ya Burgundy. Upande wa pili ni Gouais, zabibu ya wakulima wa kawaida ambayo wakubwa waliidharau kwa karne nyingi. Mtoto akatoka mvumilivu, anayekubali udongo wa namna nyingi na mkono wa kila mtengenezaji. Ndiyo maana Chardonnay hubeba mno alama za aliyeitengeneza.

Mkono huo ndio unaoleta siagi. Zabibu zikishakamuliwa, hamira huanza kazi ya kugeuza sukari kuwa kilevi. Kazi hiyo ikiisha, mtengenezaji ana uamuzi mbele yake: akizuie kinachofuata, au akiache kiendelee. Kinachofuata ni kazi ya bakteria aitwaye Oenococcus oeni. Bakteria huyu hula asidi ya maliki, ile inayofanya tofaa bichi likaze taya, akaigeuza kuwa asidi ya laktiki, ile tunayoijua kwenye mtindi. Akiwa kazini humeng'enya pia asidi ya sitriki iliyomo, na hapo hutoa kitu kinachoitwa diasetili. Diasetili ndiyo inayoipa siagi halisi sehemu kubwa ya harufu yake. Viwanda vya majarini na vya bisi vimeitumia miaka mingi kupata harufu ile ile. Kwa hiyo anayesema ananusa siagi ndani ya Chardonnay hasemi kwa mafumbo. Pua yake imekutana na kitu kile kile. Na haihitajiki nyingi. Katika Chardonnay, takriban miligramu 0.2 kwa lita zinatosha mtu kuitambua, ilhali katika mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon inabidi iwe zaidi ya mara kumi ya hapo ndipo isikike.

Sasa itazame biashara iliyofanyika. Asidi kali imeondoka, laini imeingia, siagi imekuja juu yake. Mtengenezaji ametumia uchachu kununua ulaini. Na uchachu, kwa mvinyo mweupe, ndiyo akiba ya uzeeni. Mvinyo mwekundu una taneni za maganda ya zabibu za kuulinda miaka ikisonga. Mweupe hutenganishwa na maganda mapema, hauna ngao hiyo. Chardonnay ya siagi ni mfanyakazi aliyechukua sehemu ya kiinua mgongo chake mapema akajenga nyumba. Nyumba inapendeza tangu siku ya kuhamia. Swali linalobaki ni kiasi gani kilibaki benki.

Burgundy wamefanya biashara hii kwa karne nyingi, na kwa muda mrefu bila kujua nini hasa kinatokea. Kwenye vijiji vya Côte de Beaune, yaani Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, mvinyo mpya huwekwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 228, ndani ya maghala ya chini ya ardhi. Baridi ikishika, bakteria hulala. Majira ya kuchipua yakifika na joto likarejea, mvinyo huanza tena kutoa mapovu membamba, na wakulima wa zamani waliamini kwamba mvinyo ulioko ghalani unahisi mizabibu inavyochipua kule shambani. Kumbe walikuwa ni bakteria wameamka.

Katika vijiji hivyo, Meursault ndiyo yenye jina la siagi kuliko jirani zake. Haina shamba lililopewa daraja la juu kabisa la Grand Cru, lakini mashamba yake ya Perrières, Genevrières na Charmes yanaheshimiwa na kila anayejua, na mimi Perrières ningeipandisha daraja leo hii. Wanayo desturi ya kuyaacha mashapo ya hamira iliyokufa chini ya pipa na kuyakoroga kwa fimbo mara kwa mara. Mashapo hayo huupa mvinyo unene mdomoni, na pia hula sehemu ya diasetili, hivyo siagi hutulia na kuchanganyika na harufu ya mkate uliobanikwa na ya kokwa za kukaanga. Lakini kinachowaokoa zaidi ni baridi. Zabibu iliyoivia mahali pa baridi huvunwa ikiwa na asidi nyingi. Hata bakteria wakiila maliki yote, asidi ya tartariki hubaki, nayo bakteria huyu haigusi.

California ni jua. Huko zabibu hujaa sukari na asidi huporomoka upesi, kwa hiyo biashara ile ile ya kuuza uchachu ni ya hatari zaidi. Na bado ndiko siagi ilikopatia umaarufu wake. Aliyefungua njia kwa kiasi kikubwa ni James Zellerbach, tajiri wa viwanda vya karatasi aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Italia. Mvinyo wa Burgundy ulikuwa umemteka. Mwaka 1953 alianza kupanda mizabibu kwenye vilima vya Sonoma, akajenga kiwanda kidogo kwa kuiga sura ya Clos de Vougeot ya huko Burgundy, na akakiita Hanzell kwa kuunganisha jina la mkewe, Hana, na mwanzo wa jina la ukoo. Mtengenezaji wake, Brad Webb, alikuwa mtu wa sayansi. Waliagiza mapipa ya mwaloni kutoka Ufaransa, wakatumia matangi ya chuma kisichoshika kutu ambayo joto lake linadhibitiwa, na Webb akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuwapandikiza bakteria wale kwa makusudi badala ya kusubiri waje wenyewe. Mavuno ya kwanza ya Hanzell ni ya 1957. Karibu kila kitu ambacho Chardonnay ya siagi ya leo inahitaji kilikuwa tayari chini ya paa moja. Hanzell wenyewe hawakuzidisha, na Chardonnay zao zinasifika mpaka sasa kwa kuvuka miongo.

Kisha ikaja tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo jijini Paris, aliwakalisha majaji tisa wa Kifaransa waonje bila kuona majina. Kwa mvinyo mweupe, iliyoshinda ni Chardonnay ya 1973 ya Chateau Montelena kutoka Napa, iliyotengenezwa na Mike Grgich, mzaliwa wa Kroatia. Ya pili ilikuwa Meursault-Charmes ya Roulot, ya mwaka huo huo. Jambo linalosahauliwa kila habari hii inaposimuliwa ni kwamba Grgich aliwazuia bakteria. Chardonnay iliyoipandisha California machoni pa dunia haikuwa ya siagi. Akiba yake ya uchachu ilikuwa haijaguswa.

Walioipandisha siagi ni wanunuzi. Mwaka 1982 Jess Jackson, mwanasheria mwenye shamba la zabibu Lake County, alitoa mavuno yake ya kwanza ya Kendall-Jackson. Uchachushaji wa sehemu ya mvinyo ulikwama na sukari kidogo ikabaki, watu wakaupenda, na kwa miaka mingi ikawa Chardonnay inayouzwa kuliko zote nchini Marekani. Wengine wakafuata njia hiyo na wakazidisha. Mapipa mapya ni ghali, kwa hiyo kwenye mvinyo wa bei nafuu vipande vya mwaloni vilitumbukizwa ndani ya matangi. Kufikia miaka ya 1990 wakajitokeza wateja wanaoagiza chochote ilimradi si Chardonnay. Nawaelewa. Walikuwa wamenyweshwa mvinyo uliouza uchachu wote na kubaki na mbao.

Chardonnay ya siagi niliyoionja jioni moja Arusha haikuwa ya kundi hilo. Mwenyeji wangu, mama aliyefanya kazi kwenye hoteli za San Francisco kabla ya kurudi nyumbani, alirudi na makasha machache ya mvinyo. Ameyatunza kwenye friji maalumu ya mvinyo, nyuzi joto 13, gizani, chupa zimelazwa ili mvinyo uguse kizibo kisikauke. Jenereta iko tayari nje kwa siku umeme unapokatika. Chupa aliyoitoa ilikuwa ya Russian River Valley, Sonoma, mavuno ya 2007. Wakati wa kiangazi bonde hilo hupata ukungu wa baharini usiku. Ukungu hutambaa kutoka Pasifiki ukifuata mto, joto hushuka, na asidi ya zabibu haipotei haraka. Mtengenezaji aliwaruhusu bakteria wamalize kazi yote, kisha akaukalisha mvinyo kwenye mwaloni wa Kifaransa, sehemu ya mapipa ikiwa mapya. Kilevi, asilimia 14.5. Siagi kamili, isiyopunguzwa.

Kabla ya kuifungua aliinua chupa mbele ya taa, akanionyesha nafasi kati ya kizibo na mvinyo. Ilikuwa ndogo, haizidi upana wa kidole. Nafasi ikiwa pana kwenye chupa ya umri huo, ujue mvinyo umetoka na hewa imeingia. Kazi ya kufungua alimwachia mtoto wa kaka yake, kijana anayesomea mambo ya hoteli. Kizibo kilichozeeka hukatikia njiani ukikichoma katikati, kwa hiyo walitumia kizibuo chenye vyuma viwili bapa vinavyopenyezwa pembeni, baina ya kizibo na kioo.

"Taratibu, mwanangu. Kisukume huku na huku kwanza, halafu zungusha ukivuta."

"Sawa, Shangazi."

Kizibo kilitoka kizima. Kijana akakigeuza kutazama upande wa chini, akasita. "Shangazi, kuna vioo humu."

"Si vioo. Ni asidi ya zabibu imeganda kwa baridi. Lamba uone."

Akalamba, na uso ukamkunjamana kwa uchachu. Chembe hizo ni chumvi ya asidi ya tartariki, hazina madhara yoyote, na ni huruma kwamba chupa nyingi nzuri hurudishwa na wateja kwa sababu yake.

Mvinyo ulitoka na rangi ya dhahabu iliyokolea, bila udhurungi, na ukingoni mwa glasi ulikuwa bado unang'aa. Mara ya kwanza haukunukia chochote cha maana. Tuliuacha. Baada ya kama robo saa ulifunguka, na siagi ilikuwepo, lakini si ile mbichi ya kupakwa kwenye mkate. Ilikuwa samli, pale inapokuwa bado jikoni na mashapo ya maziwa chini ya sufuria yamegeuka hudhurungi. Nyuma yake zikaja korosho zilizokaangwa, halafu asali ya nyuki wadogo, ile yenye uchachu ndani ya utamu, na ganda la chungwa lililokaushwa juani. Mwishoni kabisa, ukiacha pua ndani ya glasi kwa subira, kulikuwa na uyoga. Nanasi na embe, ambavyo Chardonnay ya California ikiwa changa huwa navyo tele, havikuwepo tena.

Mdomoni ndiko nilikosadiki. Mvinyo uliingia na uzito, ukatanda ulimi mzima kwa mafuta-mafuta yake, na pale nilipotazamia utulie na kuchosha, uchachu wa limau ukapanda kutoka pembeni mwa ulimi, mate yakajaa, na ladha ikanyooka. Ilidumu muda mrefu baada ya kumeza, na kilichobaki mwisho kilikuwa korosho na chumvi kidogo, si mbao. Vanila ya pipa ilikuwa imeyeyukia ndani kiasi kwamba usingeweza kuonyesha ilipoanzia.

Tulipoendelea kuzungumza glasi zikapata joto la chumba. Hapo mizani ikayumba. Kilevi kilipanda puani, koo likapata moto, na ile samli iliyokuwa tamu kunusa ikawa nzito. Mama aliizamisha chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu kidogo, akamimina upya, na mvinyo ukarudi ulivyokuwa. Nyuzi chache tu za joto ndizo zilizotenganisha raha na karaha. Chardonnay ya namna hii inataka nyuzi 12 hadi 14. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji ya kawaida ya jikoni, harufu zote hulala na unabaki na ubaridi. Ikiachwa mezani usiku wa Dar es Salaam, kilevi hutawala.

Jioni hiyo hiyo alifungua na chupa ya pili, ya mtengenezaji mwingine wa California, umri karibu sawa, iliyotunzwa kwenye friji ile ile. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyotiwa maji mengi. Ilinuka tofaa lililokatwa likaachwa wazi mpaka likawa jeusi, na chini yake, kwa nguvu, uwatu. Kijana ndiye aliyeutaja kwanza, na alipatia kuliko alivyojua: harufu ya uwatu hutokana na kitu kiitwacho sotoloni, na sotoloni hiyo hiyo hujitengeneza kwenye mvinyo mweupe uliozidiwa na oksijeni. Siagi bado ilikuwepo, imekaa peke yake juu ya mbao, bila kitu cha kuishikilia. Uchachu ulikuwa umekwisha.

Kati ya chupa zile mbili kuna karibu kila kitu ninachokiamini kuhusu mvinyo huu. Zote zilikuwa na siagi, zote zilipita kwenye mwaloni, zote zililala mahali pamoja. Katika miaka ya mwanzo harufu za matunda ndizo zinazotangulia kuondoka, kwa sababu viambata vinavyozibeba huvunjika polepole ndani ya chupa. Salfa iliyotiwa wakati wa kujaza chupa nayo hupungua kidogo kidogo, ikijitoa mhanga kila oksijeni inapopenya kupitia kizibo. Matunda yakishaondoka, mvinyo hubaki na kile kilichokuwa chini. Ukikuta uchachu, basi siagi huiva kuwa samli na kokwa. Usipoukuta, siagi huvunda.

Burgundy nako hawakusalimika. Chupa ghali za mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, hasa kuanzia 1995 na 1996, zilianza kufunguliwa miaka michache baadaye zikiwa za kahawia na zimechoka, wakati zilitarajiwa kufika miaka ishirini au zaidi. Haikuwa kila chupa. Ndani ya kasha moja ungeweza kupata tatu nzima na mbili zilizokufa. Lawama zimeelekezwa kwenye vizibo vinavyopitisha hewa bila usawa, salfa iliyopunguzwa kupita kiasi, ukamuaji mpya wa upole ulioondoa vitu ambavyo zamani vilikuwa vikimeza oksijeni, na ukorogaji wa mashapo uliozidi kwa kutafuta unene. Hilo la mwisho linanigusa. Watu wa Meursault walikuwa wanaukimbilia ulaini ule ule uliouzika vizuri Marekani, na baadhi yao waliulipia. Sasa wengi wamerudi kwenye tahadhari: salfa ya kutosha, kukoroga kidogo, vizibo vilivyopimwa kimoja kimoja, na wengine wamehamia vizibo vya kutengenezwa kiwandani. California nako wapo wanaovuna mapema zaidi na kuwaruhusu bakteria kwenye sehemu tu ya mapipa, ili maliki kidogo ibaki.

Kwa anayenunua Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, habari ya kwanza ni joto. Chardonnay nyingi zinazofika kwenye rafu zetu zinatoka Afrika Kusini. Nchi hiyo yenyewe ilichelewa kuipata zabibu hii: taratibu za karantini zilikuwa za polepole mno, na katika miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980 wakulima waliingiza vipandikizi kwa magendo, kisha baadhi wakaja kuambiwa walichopanda si Chardonnay bali Auxerrois. Leo bonde la Robertson, lenye udongo wa chokaa, linatoa Chardonnay ambazo sioni haya kuziweka mbele ya mgeni yeyote. Lakini mvinyo unaosimama wima miezi mingi dukani, chini ya taa, kwenye joto la nyuzi 30, hauzeeki, unapikwa. Joto huutanua mvinyo ukasukuma kizibo, ukipoa hunywea na kuvuta hewa, na mchezo huo ukirudiwa kila siku, chupa ya miaka mitatu huonja kama ya kumi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa duka la kawaida ni kununua Chardonnay ya siagi ikiwa changa, miaka miwili au mitatu tangu mavuno, na kuinywa. Chupa ya zamani inunuliwe tu kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha chumba au friji ilikolala. Kagua kizibo: kama kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa hata kidogo, au kuna mchirizi wa kunata chini ya kofia, iache. Tazama rangi mbele ya mwanga ikiwa kioo kinaruhusu. Dhahabu inakubalika, kahawia hapana. Na ukitaka kuweka akiba yako mwenyewe nyumbani bila friji ya mvinyo, basi mahali pa baridi kama Lushoto au Iringa patakusaidia kuliko pwani, mradi chumba kiwe na giza na joto lisipande na kushuka kila siku.

Chakula, Arusha, kilikuwa kuku wa kupaka, na mama hakukichagua ovyo. Mwaloni una viambata viitwavyo laktoni vinavyonukia nazi hasa, kwa hiyo tui zito lililoshikana na ngozi ya kuku iliyoungua kidogo juu ya mkaa lilikutana na pipa, samli ya mvinyo ikakutana na mafuta ya tui, na ndimu iliyokamuliwa mwishoni ikashikana mkono na uchachu. Kamba kochi wa kuchoma na siagi atafaa vilevile, na samaki mweupe wa nazi pia. Nyama nyekundu itaumeza mvinyo huu. Pilipili nayo ipunguzwe: kilevi cha asilimia 14.5 huzidisha moto wake mdomoni, na mdomo ukishawaka hautasikia samli, korosho wala asali.